Tembo wa Tabora, Mzani wa Mpanda

Mnunuzi wa dhahabu mjini Mpanda hana haja ya hadithi ndefu. Punje inawekwa kwenye mzani, tarakimu zinatulia, na hapo ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Mji huu umelelewa na madini: dhahabu iliwaleta watafutaji tangu zama za Mwingereza, kisha risasi ya mgodi wa Mukwamba ikavuta reli kutoka Kaliua hadi hapa. Mazoea hayo ya kupima kabla ya kuamini yangemfaa sana mtu anayeanza kukusanya sarafu za kale, hasa akitamani ile inayotafutwa kuliko zote zilizotengenezwa katika ardhi ya Tanzania.

Ukiifuata reli ya Mpanda hadi Kaliua, ukageukia mashariki kwenye Reli ya Kati, unafika ilikozaliwa sarafu hiyo. Tabora, 1916. Vita Kuu ya Kwanza vimepamba moto, manowari za Uingereza zimeziba pwani, na Wajerumani wanaoitawala nchi hawaletewi tena fedha kutoka Ulaya. Noti walikuwa wakizichapa wenyewe, lakini wananchi wengi hawakuzitaka. Aliyekuwa na rupia ya fedha aliificha. Ndipo dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ilipopelekwa kwenye karakana ya reli ikapigwa chapa. Zilitoka sarafu 16,198 za rupia 15, kila moja ikiwa na thamani ya mark 20 za Kijerumani. Karakana ilikuwa imezoea kutengeneza injini na mabehewa, na kazi yake inaonyesha hivyo.

Upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima, na chini mwaka 1916 pamoja na herufi T ya Tabora. Upande wa pili yupo tai wa dola ya Ujerumani. Hapo ndipo macho ya mjuzi yanapokimbilia, kwa sababu chapa zilikuwa mbili: katika moja, ncha ya pambo la maua inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine, chini ya A. Za T zilikuwa 9,803, za A 6,395. Mgeni wa fani akikuta sarafu yenye mistari laini na kingo nadhifu kama imetoka Berlin, hufurahi. Angepaswa kuingiwa na wasiwasi.

Mnamo Septemba 19, 1916, Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ile ikakoma. Baadhi ya vikosi vyao vilikuwa vimevuka Ziwa Tanganyika na kupitia Karema, ambayo leo ipo mkoani Katavi. Sarafu iliyotengenezwa kwa miezi michache tu, tena ikiwa na tembo mzuri namna hiyo, haikukawia kupanda bei. Waghushi nao hawakukawia.

Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Hapa mzani wa Mpanda unatosha kabisa kumfukuza tapeli wa kawaida. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ya aina hii inakaribia gramu 15. Risasi ni gramu 11.3, na shaba nyeupe kidogo zaidi ya 8. Sarafu ya risasi iliyopakwa dhahabu, ikiwa na ukubwa uleule, haifiki hata gramu 6. Wale wanaozunguka vijijini na "rupia za Mjerumani zilizofukiwa" hawapendi kabisa kuona mzani ukitolewa mfukoni.

Ila tapeli hodari anajua hesabu hiyo. Kwa kuwa wakusanyaji hulipa mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu iliyomo, inamlipa kutumia dhahabu ya kweli. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, Beirut ilisifika kwa pauni za dhahabu za bandia ambazo dhahabu yake ilikuwa ya kweli. Uzito ulikuwa sawa. Chapa ndiyo iliyodanganya.

Wamarekani walitafuta dawa. Kampuni ya PCGS ilianza 1986, NGC ikafuata 1987. Hukagua sarafu, huipa alama kwenye kipimo cha 1 hadi 70, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. Kufikia 2008 kampuni hizo zilikuwa zikionya kwamba makasha yenyewe yanaghushiwa, na lebo pamoja nayo. Mghushi hunakili namba ya sarafu halisi, kwa hiyo mnunuzi akiiingiza kwenye tovuti ya kampuni anajibiwa kwamba ipo, tena ni ya tembo wa Tabora.

Na kasha limemnyang'anya mtu wa Mpanda silaha yake. Sarafu iliyofungwa haiwezi kuwekwa peke yake kwenye mzani, wala kutumbukizwa majini ipimwe ujazo. Kilichobaki ni picha. Mara nyingi kampuni huweka kwenye tovuti picha ya sarafu ileile iliyopewa namba hiyo, na hapo kazi inakuwa ya subira: simu mkono mmoja, kasha mkono wa pili, chini ya taa nzuri. Mkwaruzo ulio karibu na pembe ya tembo upo kwenye picha? Ncha ya pambo iko chini ya T, au chini ya A? Kama lebo inasema A na tai wake anaonyesha T, mazungumzo ya bei yamekwisha.