Kanda, Deki na Chipu: Nani Anaipigia Hesabu Video Yako?

Ukitoka Njombe kwenda Songea kwa basi unapita Madaba, na Madaba kuna kituo cha kupozea umeme. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, takriban kilomita 250, inapita hapo. Ilianza kazi mwaka 2018. Kabla yake mji wa Songea ulitegemea majenereta ya dizeli. Naanza na umeme kwa sababu habari ya leo, ya kadi ya grafiki kwenye seva ya video ya nyumbani, ni habari ya nani anapiga hesabu na anakula wati ngapi akizipiga.

Chukulia uko Madaba. Bando ni ghali, kwa hiyo nyumbani mnapakua filamu mara moja, mnaiweka kwenye kompyuta moja ya zamani, kisha kila mtu anaangalia kwa Wi-Fi ya ndani. Humo humo kuna harusi ya shangazi ya mwaka 1996, iliyotolewa kwenye kanda ya VHS. Sasa filamu mpya iko kwenye fomati ya HEVC, na simu ya bibi haiijui HEVC. Inabidi seva iibadili kuwa H.264 huku bibi anaangalia. Mtaani tunasema kukonveti, mafundi wanasema kutranskodi. Feni inanguruma, picha inakwama. Mbona kompyuta hiyo hiyo inaicheza filamu bila jasho, lakini kuibadili inashindwa?

Waliokaa vibanda umiza miaka ya 1990 wanaijua kazi hii kwa sura nyingine. Marehemu Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alikuwa akiwatafsiria watazamaji filamu za nje kwa Kiswahili hapo hapo filamu ikiendelea. Baadaye sauti yake ikarekodiwa kwenye kanda zenyewe. Kutafsiri papo kwa papo ni kazi ngumu: lazima uelewe kinachosemwa, useme kwa lugha nyingine, na usiachwe nyuma. Kanda iliyokwisha kutafsiriwa haimpi mtu shida, unaisukumia kwenye deki tu. Seva yako inafanya ile kazi ya kwanza.

Hesabu zenyewe zina umri wa nusu karne. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, aliomba fedha za utafiti ili achunguze njia ya kubana picha kwa mawimbi ya kosaini. Akanyimwa. Aliendelea hivyo hivyo, na Januari 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha makala fupi. Wazo lao: gawanya picha vipande vidogo, andika kila kipande kama mchanganyiko wa mawimbi, kisha tupa yale ambayo jicho halitayakosa. JPEG, VCD, DVD na H.264 zote zimejengwa juu ya wazo hilo au ndugu yake wa karibu.

VCD ndiyo wengi wetu tuliyoanza nayo. Picha yake ni pikseli 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde. Bila kubanwa ingehitaji megabiti 30 hivi kila sekunde, lakini diski inatoa 1.15 tu. Imebanwa zaidi ya mara 25! Deki ya bei rahisi iliweza kuicheza kwa sababu waliobuni fomati hizi waliutupa mzigo wote upande wa anayebana. Deki inaambiwa tu, "chukua kipande hiki kutoka fremu iliyopita, kisogeze hapa." Kukitafuta hicho kipande ndiyo shughuli.

Tupige hesabu kidogo. Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080 ina vipande 8,160 vya pikseli 16 kwa 16. Kila kipande ukikitafuta ndani ya pikseli 16 kila upande, una nafasi 1,089 za kujaribu, na kila jaribio ni kutoa mara 256. Jumla ni kama bilioni 2.3 kwa fremu, bilioni 57 kwa sekunde. Programu nzuri zina njia za mkato, ndiyo, ila umeona kwa nini feni inalia.

Hapo ndipo kadi ya grafiki inaingia, na hapo ndipo watu wengi wanakosea. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu walijaribu kuzitumia zile nyuzi nyingi za kadi, zinazochora michezo, kubana video. Matokeo hayakuvutia sana, maana kila uamuzi wa kubana unategemea uliotangulia. Kilicholeta mabadiliko ni chumba cha pekee ndani ya chipu, kisichojua kazi nyingine: Intel walikitoa mwaka 2011 kwa jina la Quick Sync, na mwaka 2012 Nvidia wakaja na NVENC, AMD na VCE. Kwa hiyo ukubwa wa kadi si hoja. Nvidia GT 1030 ni kadi ya mwaka 2017, lakini chumba cha kubana haina kabisa! Laptopu iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 inayo Quick Sync, inaisoma HEVC hata ya biti 10, na kwa kazi hii inakula wati chache, wakati prosesa ya mezani ikibanwa inaweza kula 65 na zaidi. Kama unatumia sola, tofauti hiyo utaiona kwenye betri usiku huo huo.

Kuiwasha si kazi. Kwenye Jellyfin, programu huria iliyozaliwa Desemba 2018, fungua mipangilio ya uchezaji na uchague QSV au NVENC. Kwenye Linux ukiwa na Intel, mtumiaji "jellyfin" awe kwenye kundi la "render", la sivyo faili /dev/dri/renderD128 halitafunguka na utaishia kulaumu kompyuta bure.

Lakini harusi ya shangazi usiipitishe huko kwa ajili ya kuihifadhi. Chumba hicho kinawahi muda, hakitafuti kwa subira. Kwa biti zile zile, prosesa ikiachiwa usiku kucha kwa mpangilio wa polepole hutoa picha safi zaidi. Na kila kubana upya kunapunguza kitu, kama kanda iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala, mpaka sura ya bibi harusi inakuwa ukungu. Seva inapombadilishia bibi video, inatengeneza vipande vya muda vya sekunde chache chache, inavituma, kisha inavifuta. Faili la asili halijaguswa, na kanda yenyewe, kama bado ipo kabatini, iache huko.