Ngazi Iliyochelewa Kufika Lubumbashi

Pita mtaa wa Golf asubuhi yoyote ya kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijasimamisha kazi za ujenzi, na utaiona: ngazi ya zege iliyonyooka, imesimama peke yake ndani ya nyumba isiyo na paa, vidato vyake bado vimeshikwa na mbao. Kuta hazijafika juu, madirisha hayapo, lakini ngazi imeshaanza kupanda. Mwenye nyumba akileta ndugu kutazama kazi, hapo ndipo anapowapeleka kwanza. Lubumbashi ilichukua karibu miaka mia moja kuizoea ngazi ya namna hiyo ndani ya nyumba za watu wake.

Mji ulianzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, chini ya Emile Wangermée. Mwaka huohuo reli kutoka kusini ilifika, na mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Barabara zilichorwa zikiwa zimenyooka na kukatana kama miraba ya daftari la hesabu, na ardhi ilikuwa tele. Nani angepanda juu wakati pembeni kuna nafasi? Nyumba zilijengwa chini, kwa matofali ya kuchoma na mabati, zikainuliwa kidogo kwa msingi ili maji ya masika yasiingie ndani. Udongo wa matofali hayo haukutafutwa mbali. Vichuguu vya Katanga vinajulikana kwa ukubwa wake, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo uliosagwa na mchwa kwa miaka mingi hushikana vizuri unapochomwa. Mpaka leo watu wanavivunja kufyatua matofali.

Kwa matofali hayo fundi alijenga pia vidato vitatu au vinne mbele ya mlango. Hizo ndizo ngazi za kwanza za nyumba zetu, nazo ziliishia kwenye barza.

Neno hilo lina safari yake. Pwani, baraza ni benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nje, mahali pa kuketi, kupokea wageni na kusikiliza habari. Lilipofika Kongo pamoja na Kiswahili cha misafara, Wabelgiji nao wakalichukua, wakaliita barza, na maana yake ikawa veranda. Ngazi ya pwani, kwa upande wake, haikusafiri. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa vyumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, na ngazi zikabanwa katikati ya kuta mbili nene: zimenyooka, nyembamba, na zimesimama sana hata anayeshuka hutegemea ukuta kwa kiganja. Kwa hiyo ngazi iliyonyooka ni ya kale katika ulimwengu wa Waswahili. Sisi wa bara tulirithi kikao, wao wakabaki na ngazi.

Ngazi iliyotufikia sisi ilitoka upande mwingine. Mwaka 1892 François Hennebique, Mfaransa aliyewahi kufanya kazi nyingi Ubelgiji, alipata hataza ya mfumo wake wa kujenga kwa zege lenye vyuma ndani. Zege la namna hiyo lilirahisisha jambo ambalo tofali haliliwezi na mbao hulifanya kwa gharama kubwa: bamba moja lililolazwa kimshazari, kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, bila nguzo katikati. Ngazi iliyonyooka ndiyo rahisi kuliko zote kwa fundi wa zege, kwa sababu kofraje yake, yaani mbao zinazolishika zege likiwa bichi, ni ubao mmoja mrefu wenye mteremko mmoja.

Katika miaka ya 1950, shaba ilipolipa vizuri, zege likaanza kuubadilisha mji. Mbunifu Claude Strebelle na wenzake walifungua ofisi iliyoitwa Yenga, jina ambalo mtoto yeyote wa Lubumbashi analisikia kama amri ya kwenda kazini: yenga, yaani jenga. Kati ya mwaka 1953 na 1956 walijenga ukumbi wa tamthilia ambao leo tunauita Jengo la 30 Juni. Lakini hayo yalikuwa majengo ya mjini. Kamalondo, mtaa wa Waafrika, ilikaa chini. Katuba, ambako mtawala wa Kibelgiji Fernand Grévisse aliwapa wakazi mikopo ya vifaa ili wajijengee wenyewe, nayo ilikaa chini. Kambi za Union Minière vilevile. Mwafrika wa Élisabethville alipanda ngazi ndefu akiwa mtumishi, karani au mpiga deki, kisha jioni akarudi kwenye nyumba yenye vidato vitatu. Nadhani hapo ndipo uzito wa etaje, yaani ghorofa, unapotoka. Anayejenga nyumba ya ghorofa leo anajua babu yake aliisafisha ngazi ya mwenzake.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilileta makampuni mapya, fedha ikazunguka, na nyumba za etaje zikaota. Saruji ikavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, picha za nyumba za Ulaya na Dubai ziko kwenye simu ya kila mtu, na picha hizo zinaonyesha ngazi moja: iliyonyooka, nyepesi, vidato vinavyoelea, kioo badala ya kingo. Ni nzuri kweli. Ninachowaomba wajenzi ni kuipima kabla ya kuipenda.

Kanuni ya kuipima ina zaidi ya miaka 300. François Blondel, aliyefundisha usanifu Paris katika karne ya 17, alifuata hatua ya mtu anayetembea: urefu wa kidato mara mbili, ongeza upana wake, upate hatua moja ya kawaida. Leo tunaiweka kati ya sentimita 60 na 64. Chukua kidato cha sentimita 17 kwenda juu na 28 za kukanyagia: 62, mguu unashukuru. Kama kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.06, unapata vidato 18, cha mwisho kikiwa sakafu ya juu yenyewe, na ngazi italala mita 4.76 chini. Hapo ndipo bei ya unyofu ilipo. Parseli (viwanja) za zamani za mjini zinaimudu. Katika parseli ndogo fundi hujaribiwa kuikaza, kidato kinapanda hadi sentimita 20 na kukanyagia kunabaki 22, na mama mzee anahamia chumba cha chini moja kwa moja. Nafasi ikikosekana, afadhali ngazi ikunjwe katikati kwa kituo cha kupumzikia kuliko kunyooshwa kwa mateso.

Kosa lingine ni dogo na linaangusha watu wengi. Fundi anapima vidato sawasawa kwenye zege, kisha sakafu inawekwa karo (vigae) nene kuliko zile za ngazi, na kidato cha kwanza kinakuwa kifupi kuliko vingine. Mguu hujifunza kipimo baada ya hatua mbili tu. Ukidanganywa sentimita mbili, unajikwaa. Unene wa karo uhesabiwe kabla zege halijamwagwa.

Kuhusu mbao, mukula ni mti wetu, mwekundu na mgumu, lakini ulikatwa na kusafirishwa Uchina kwa wingi uliotisha, hata ukawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2019. Sitamshauri mtu aukanyage. Kwa mkono wa ngazi nina ombi: shaba. Nchi inayochimba shaba tangu enzi za misalaba yake ya biashara ina nyumba chache mno ambamo shaba inaguswa na kiganja. Bomba la shaba hupata joto la mkono, hung'aa pale panaposhikwa sana na kuwa jeusi pembeni, na mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikubali rasmi kwamba aloi zake huua bakteria. Malakiti, jiwe la kijani la shaba, kwa uzuri wake wote, ibaki ukutani. Ni jiwe laini, viatu vitaimaliza.

Chini ya ngazi nyingi mpya sasa kuna betri za sola, maana umeme unakatika. Na taa inapozimika, nimeona jambo lilelile katika zaidi ya nyumba moja: watu hawapandi vyumbani. Watoto wanakaa kidato cha tatu, baba cha kwanza, jirani anaegemea mkono wa ngazi, habari zinaanza. Ningekuwa mbunifu, vidato vitatu vya chini ningevipanua hadi mita mbili, kabla ngazi haijajikusanya na kupanda juu.