Nani Anahesabu Zamu? Kutoka Falaji za Nizwa hadi Ripoti za Mtandao

Sisi tunaozungumza Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kisha tukaanza upya linapotua. Mkulima wa zamani wa Nizwa angetuelewa mara moja, kwa kuwa maji ya falaji yaligawanywa kwa mpango wa namna hiyo: badda moja ya mchana na badda moja ya usiku. Katika makala haya tunaeleza jinsi hesabu ile ilivyofanyika, na kwa nini ina funzo kwa mafundi wanaotunza mitandao ya kompyuta leo.

Falaji ni mfereji unaochukua maji chini ya ardhi, bondeni au kwenye chemchemi, na kuyafikisha mjini na mashambani kwa mteremko tu, bila mashine. Oman ina falaji zipatazo 3,000 zinazotumika hadi leo. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza 5 katika Urithi wa Dunia, zikiwemo Daris ya Nizwa, al-Malki ya Izki, al-Khatmain ya Birkat al-Mawz, na al-Jila iliyo milimani upande wa Sur.

Maji hayo hayakugawanywa kwa ndoo, bali kwa muda. Badda ina athari 24, na kila athari ni kama nusu saa. Mchana watu walifuata kivuli cha mti uliosimikwa mahali pa wazi. Usiku walifuata nyota zinapochomoza au kutua. Mtafiti Harriet Nash alitoa kitabu kizima juu ya nyota hizo mwaka 2011. Arifu alisimamia zamu, wakili aliongoza shughuli za falaji, na hisa ziliandikwa daftarini. Ukame ulipokuja, maji yalipungua kwa wote, lakini muda wa zamu ya mtu ulibaki uleule.

Hapo tunaona mambo mawili. Kwanza, hesabu ilikuwa ya kila mwenye haki peke yake. Pili, kipimo kilikuwa hadharani: mwenye shaka aliweza kwenda kukitazama kivuli mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mtandao. Desemba 1983, Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo iitwayo ping: kompyuta moja inaiita nyingine, kisha inasubiri jibu. Mwaka 1988 ikachapishwa itifaki ya SNMP, inayowezesha kituo kimoja kuviuliza vifaa vya mbali hali zao. Tangu hapo makao makuu yanaweza kukaa Maskati na kutoa ripoti ya kila mwezi kuonyesha mtandao wa kila tawi ulikuwa hewani kwa muda gani.

Tuseme kampuni ina ofisi tatu. Ibra na Nizwa zimepata asilimia 100, Sur imepata 97. Wastani ni 99, na meneja anafurahi. Lakini mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia 3 ya saa hizo ni saa 21 na dakika 36. Karibu siku nzima wateja wa Sur hawakuhudumiwa, na wastani umewafuta.

Kuna kosa jingine. Kipimo kikitoka Maskati pekee na njia ikakatika katikati, ripoti itasema ofisi ya Sur imezimika, ingawa wafanyakazi wake wanachapisha hati na kufungua mafaili yaliyo papo hapo kama kawaida. Kilichokatika ni njia, lakini lawama inamwangukia fundi wa Sur.

Kwa hiyo tunaona ripoti ya haki inafuata desturi ya falaji. Iandike kila ofisi peke yake. Itaje saa na dakika za kukatika, si asilimia tu. Ionyeshe kama ilikuwa saa nne asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni, au saa nane usiku. Kipimo kichukuliwe kutoka zaidi ya sehemu moja, na matawi yaruhusiwe kukiona, kama watu walivyokiona kivuli.

Mtende uliokauka hauponi kwa kuambiwa kuwa mashamba yote, kwa wastani, yalipata maji.