Udongo, Chuma na Mkono wa Mtu: Habari za Sanamu katika Nchi ya Upare

Wasikilizaji wetu, maneno yetu ya leo yahusu kazi ambayo watu wengi huiita mchezo, nayo ni kufanya sanamu kwa mikono: kufinyanga udongo, kuchonga mti, na kuunganisha vitu vya namna mbalimbali, kama kibuyu, ngozi, shanga, nyuzi na chuma, hata vikawa kitu kimoja. Wako watu waifanyao kazi hii kwa kujifurahisha tu, saa za kazi zikiisha, bila ya kutaka kuuza. Jirani zao aghalabu hustaajabu, wakauliza faida yake ni nini; na wako wasemao ya kuwa mambo hayo ni ya kigeni, hayakuwako kwetu. Na tutazame kama neno hilo lina ukweli, tukichukua mfano wa nchi moja, milima ya Upare.

Asafiriye kutoka Tanga kwenda Moshi huiona milima hiyo mkono wake wa kuume. Chini ni nyika kavu yenye miiba, na juu ni misitu na mashamba yenye maji. Kilele chake kirefu, Shengena, chafika mita 2,462. Mji wa Same umekaa katika nyika, chini ya milima ya Upare ya kusini. Na kaskazini zaidi ni Usangi na Ugweno. Nchi ya namna hii humpa fundi vitu vyote atakavyo: udongo wa mfinyanzi, kuni, miti ya kuchonga, na mchanga wenye chuma.

Ushahidi wa kwanza wa kazi za mikono katika nchi hii ni magae. Mwaka 1967 mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Soper, alitoa habari za vyungu vilivyochimbuliwa kaskazini-mashariki ya Tanzania. Katika Upare ya kusini alipata vipande vya namna ile ya vyungu iitwayo Kwale, ambayo asili yake ni karne za kwanza baada ya kuzaliwa Kristo. Na namna nyingine ikapewa jina la Maore, mahali palipo upande wa Gonja. Mwaka 1971 Knut Odner naye alieleza habari za mahali pa kale huko Usangi, karibu na hospitali. Basi wafinyanzi wa milima hii walikwisha pamba vyungu vyao kwa mistari na alama zamani sana. Na mistari ile haizidishi nguvu ya chungu, wala haipishi chakula upesi; ilitiwa kwa sababu mkono wa mtu ulipenda kuitia.

Kazi ya kufinyanga Upare ilikuwa ya wanawake, nao hawakutumia gurudumu. Udongo hutwangwa, ukachambuliwa mawe, ukachanganywa na mchanga au magae yaliyosagwa ili usipasuke. Kisha huinuliwa kwa vidole kidogo kidogo. Chungu hukaushwa kivulini siku kadha wa kadha, kwani maji yakibaki ndani hugeuka mvuke motoni, na mvuke ukikosa njia hukivunja chungu. Mwisho huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Mwenye kutengeneza sanamu ya udongo leo hana budi kufuata sheria zile zile, ajapokuwa hajapata kumwona mfinyanzi wa Usangi. Wahenga walisema, “Udongo upatilize uli maji,” na neno hilo walilitumia pia kwa malezi ya watoto. Tutaona sasa hivi ya kuwa mambo hayo mawili, udongo na malezi, yalikwenda pamoja kuliko tudhanivyo.

Fundi wa pili ni mhunzi. Katika Upare ya kaskazini chuma hakikuchimbwa katika mashimo marefu. Mchanga mweusi wenye chuma ulikusanywa, ukaoshwa, ukatiwa katika tanuri pamoja na makaa ya miti, na mivukuto ikavuma mpaka chuma kikatengana na taka zake. Chuma hicho kilitakwa sana, hata Wachaga wa Kilimanjaro walikinunua. Profesa Isaria Kimambo, aliyekusanya mapokeo ya wazee na kutoa kitabu chake cha historia ya Wapare mwaka 1969, aeleza ya kuwa hapo kale Washana, ukoo wa wahunzi, ndio walioshika utawala wa Ugweno. Yapata karne ya 16 Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapindua, na Mranga mwana wa Angovi akaupanga utawala upya. Lakini waliopinduliwa hawakunyang'anywa nyundo zao. Kiti chaweza kutwaliwa kwa siku moja. Ustadi wa mkono hautwaliwi hivyo.

Sasa tufike kwenye sanamu zenyewe. Kwa Wasambaa, Wazigua, Wanguu na jirani zao, walimu wa jando na unyago walitengeneza sanamu ndogo za udongo: watu, wanyama, nyoka, na vyombo vya nyumbani. Nyingine zilitiwa madoa ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kila sanamu ilikuwa na maneno yake na wimbo wake, mara nyingi kwa mafumbo. Mwanafunzi huonyeshwa sanamu, akaimbiwa, akafumbuliwa maana: heshima kwa wakwe, wajibu wa mume na mke, hatari ya uchoyo, na mengineyo yasiyosemwa mbele ya watoto. Upare nako vijana walifundishwa mambo ya utu uzima katika misitu iliyotengwa kwa kazi hiyo, na mafundisho hayo yaliitwa mshitu.

Tena walikuwako waganga wa nchi hizo, waliotia dawa zao katika vibuyu vyenye vizibo vya mti, na kizibo mara nyingine kilichongwa kichwa cha mtu. Kibuyu kile kilifungwa ngozi, kikatiwa shanga au kitambaa. Leo mtu akiunganisha vitu vya namna nne au tano katika sanamu moja, huambiwa amebuni jambo jipya. Kumbe mganga wa milimani alikwisha lifanya, naye hakulifikiri kuwa ni ajabu.

Lakini hapa pana jambo la kusikitisha. Sanamu za udongo hazikufanywa ili zidumu. Nyingi hazikuchomwa vizuri. Mafundisho yakiisha nyingine zilivunjwa, nyingine zikafichwa na walimu. Nguvu yake haikuwa katika udongo ila katika maneno. Wamisioni wa Kijerumani walipofika Upare mwanzoni mwa karne ya 20, na shule zikaenea, mafundisho ya kale yakaanza kupungua; na jinsi yalivyopungua, walimu wake walizeeka wakafa na nyimbo zao.

Mtu mmoja aliyejitahidi kuyaandika mambo hayo kabla hayajapotea ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1944 alitoa makala juu ya sanamu za Wanguu na makabila mengine, na mwaka 1956 kitabu kizima. Hakuridhika na kuzikusanya sanamu tu. Aliandika na nyimbo zake na maana zake. Karatasi zake zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tuilinganishe kazi hiyo na sanamu nyingine nyingi za Afrika ya Mashariki zilizochukuliwa kwenda nyumba za makumbusho za Ulaya, zenye kijikaratasi cha jina la kabila tu. Zile zimehifadhika mwili, lakini ni bubu. Mtu hupita mbele yake, akasema “nzuri” au “mbaya,” akaenda zake, wala hajui ya kuwa alipita mbele ya mwalimu.

Turudi basi kwa yule afanyaye sanamu kwa kujifurahisha. Akikaa Same hana haja ya kuagiza vitu mbali. Makanya, katika wilaya hiyo hiyo, huchimbwa jasi ipelekwayo kwenye viwanda vya saruji. Jasi ikipashwa moto wa kadiri ya digrii 150 hutokwa na sehemu kubwa ya maji yake, ikawa unga. Na unga huo ukikorogwa na maji hushikana tena kama jiwe kwa muda wa dakika chache. Ni wajibu wa fundi kujifunga kitambaa puani, kwani vumbi lake si jema kwa mapafu. Jasi peke yake huvunjika upesi. Lakini nyuzi za mkonge zikitandazwa ndani yake huishika, kama mifupa ishikavyo nyama. Kiunzi chaweza kuwa waya au chuma chakavu, na ngozi, mbegu na magae yakawa mapambo yake.

Na tuuangalie mkonge huo. Watu huuona mashambani wakadhani ni mmea wa asili. Lakini uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Miche 1,000 ilinunuliwa Florida, na iliyofika hai ni 62 tu. Basi mgeni ni mkonge, nasi twamwita mwenyeji. Mwenyeji ni sanamu, nasi twamwita mgeni. Kusahau kwaweza kugeuza mambo hata namna hiyo.

Jibu la swali letu ni hili: kazi ya sanamu ilikuwako katika milima ya kaskazini-mashariki, nayo haikuwa upuzi, bali ilikuwa kitabu cha watu wasiokuwa na karatasi. Methali yasema, “Mfinyanzi hulia gaeni.” Wafinyanzi wetu waliwapa wengine vyungu vizima, wakabaki na magae; nasi tukifanya sanamu bila ya kuzieleza, tutawaachia watoto wetu magae vilevile. Kila afanyaye sanamu na aandike chini yake, au katika daftari, mambo matatu: nani aliyeifanya, ilifanywa kwa vitu gani, na ilitaka kusema nini. Na kila aliye na bibi ajuaye kufinyanga, au babu akumbukaye mivukuto ya wahunzi, aende akamwulize kwa adabu, ayaandike maneno yake angali hai. Udongo wapatikana Upare siku zote. Maneno ya mzee hayapatikani ila kwa kitambo.