Masizi ya Kupakwa kwa Brashi: Historia ya Vichwa vya Treni vya Mfano

Katika karne ya 19, kichwa kipya cha treni kilipokamilika kiwandani Manchester au Glasgow, mara nyingi kilipakwa kwanza rangi ya kijivu isiyong'aa, kikasogezwa uani na kupigwa picha. Sababu ilikuwa kamera. Rangi nyeusi ingemeza kila kitu, lakini kijivu kilionyesha ribiti moja moja, ukingo wa kila bati, mabomba na mikono ya kushikia. Baada ya hapo injini ilipakwa rangi za mwenyewe na kwenda zake. Picha hizo rasmi zilichapwa magazetini na katika orodha za bidhaa, na ndizo zilizowafunza mafundi wa kwanza wa vichwa vya mfano sura ya injini. Yaani waliijua injini kwa picha yake ya harusi: imeoshwa, imepambwa, na haijavuta hata behewa moja.

Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi mafundi hao walipokubali kwamba injini yenye masizi nayo inafaa kuigwa. Ukiifuatilia historia ya kazi hii ya kumalizia, yaani vipuri vidogo, rangi, mistari, nembo na uchafu, utaona kwamba swali lililokuwa likibadilika ni moja: injini inatazamwa kwa macho ya nani?

Mwanzoni ilitazamwa kwa macho ya mtoto na ya baba yake aliyelipa. Märklin, kampuni ya Göppingen huko Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 mfumo wa reli zenye vipimo maalumu, ili mteja aweze kununua kidogo kidogo na kila kipande kiungane na kingine. Vichwa vyenyewe vilikuwa vya bati. Maelezo mengi hayakuundwa, yalichapwa: mlango, dirisha na safu za ribiti vyote vilikuwa wino juu ya bati. Ukipitisha kidole hukuti kitu.

Aliyeanza kulalamika kwa vitendo alikuwa Mwingereza, W. J. Bassett-Lowke wa Northampton. Alikwenda kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, akaziona bidhaa za kiwanda cha Bing cha Nuremberg, akavutiwa na ufundi wao. Lakini alitaka Wajerumani hao wamtengenezee injini za kampuni za reli za Uingereza, ambazo mtu angeweza kuzitaja kwa jina na kuziona stesheni asubuhi yake. Mchoraji wake, Henry Greenly, aliandaa michoro. Hapo ndipo kitu cha kuchezea kilipoanza kuwa na deni kwa kitu halisi, na deni hilo lilionekana kwanza kwenye rangi.

Kampuni za reli za Uingereza wakati huo zilishindana kwa rangi. Midland ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, Great Western kijani kilichokolea, na nyingi zilizungushia tangi la mvuke na magurudumu mistari miembamba ya rangi mbili au tatu. Mstari wa nusu inchi kwenye injini halisi, katika kipimo cha 1:43.5, unakuwa milimita 0.3. Katika kipimo cha 1:76 unabaki chini ya milimita 0.2. Fundi aliuchora kwa kalamu ya wachora ramani: ndimi mbili za chuma zilizobanwa kwa skrubu, na tone la rangi katikati. Rangi ikiwa nzito kalamu inagoma. Ikiwa nyepesi inatiririka chini ya rula na kuharibu kazi ya wiki nzima. Kona ndizo zilizomtofautisha fundi na mjaribu, maana mstari unaopinda lazima ukutane na ulionyooka bila kuacha kidonda. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya kazi hii iliyo ngumu kuliko hiyo, na bado ndiyo ambayo mtazamaji haioni ikifanyika vizuri. Anaiona ikikosewa tu.

Kisha kulikuwa na ugomvi wa rangi yenyewe, ambao haujaisha hadi leo. Filamu za kale hazikuhisi nyekundu: kitu chekundu kilitoka cheusi, na cha buluu kikatoka hafifu. Kwa hiyo picha ya mwaka 1890 ni shahidi mbaya. Nyaraka nazo zinaweza kudanganya. William Stroudley, mhandisi wa kampuni ya London, Brighton and South Coast, aliiita rangi ya injini zake za abiria kijani kilichoboreshwa, ilhali ilikuwa njano ya udongo, karibu na rangi ya haradali. Anayebisha aende York, kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Reli, akaione injini ya Gladstone ya mwaka 1882. Na hata ukipata rangi sahihi kabisa, ukiipaka kwenye kitu cha sentimita 20 kinaonekana cheusi kuliko kinavyopaswa, kwa sababu injini halisi tunaitazama kutoka mbali, hewa ikiwa katikati. Ndiyo maana mafundi wengi huongeza kijivu au nyeupe kidogo. Wengine huiita kazi hiyo uongo. Mimi naona jicho ndilo mteja, na mteja amesema.

Mwaka 1938 kampuni ya Frank Hornby, Hornby mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, ilitoa treni za Dublo, ndogo za kutosha kuenea mezani, zikiwa na injini za zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Sasa ribiti zilihisika kwa kidole. Lakini kalibu ina tabia yake: bomba la kushikia linatoka likiwa limeng'ang'ania mwili wa injini, kama tuta badala ya waya. Wapenzi wa treni za mfano wakaanza kuyachonga matuta hayo, kutoboa vitundu na kupachika waya wa kweli. Tabia ya kununua kitu kizima na kukibomoa ili kukiboresha ilienea sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Zinki nayo ilileta ugonjwa wake: ikichanganyika na risasi kidogo tu wakati wa kuyeyushwa, chuma huvimba, hupasuka na mwishowe humeguka chenyewe kabatini, miaka mingi baadaye. Hakuna rangi inayouzuia.

Hatua kubwa zaidi ya vipuri ilitokea Japani. Wanajeshi wa Marekani waliokaa huko baada ya mwaka 1945 walikuta mafundi hodari wa metali wasio na kazi ya kutosha. Duka la Tenshodo la Ginza, Tokyo, lililouza vito na saa, likaanza kuuza vichwa vya treni vya shaba ya manjano. Mwaka 1954 Bill Ryan alianzisha Pacific Fast Mail, iliyoagiza injini hizo kwa ajili ya wateja wa Marekani. Kila moja iliundwa kwa mabati ya shaba yaliyokatwa na kuunganishwa kwa lehemu, kwa mkono. Wakati huohuo huko Fresno, California, kampuni ya Kemtron ilikuwa ikitengeneza vipuri kwa njia ya sonara na ya mtengeneza meno ya bandia: unachonga kipuri kwa nta, unakizika katika plasta, unachoma nta itoke, kisha unamimina shaba pale ilipokuwa. Kwa njia hiyo pampu ya hewa ya breki, ambayo katika kipimo cha 1:87 inakaribia ukubwa wa punje ya maharage, ilitoka na mapezi yake, nati zake na mabomba yake.

Ajabu ni kwamba injini nyingi za shaba ziliuzwa bila rangi, zikiwa na vanishi tu. Ulizinunua uchi ili uzipake rangi za kampuni unayoipenda. Wengi hawakuthubutu. Kupaka shaba si mchezo: unaifungua yote, unaiosha mafuta ya vidole, unaikwaruza kidogo kwa siki ili rangi ishike, unanyunyiza rangi ya msingi kwa hewa, unaioka kwa moto mdogo, na hapo ndipo unapoanza. Basi zikabaki kwenye masanduku yake, zikinunuliwa na kuuzwa, na soko likazoea kuilipia zaidi ile isiyoguswa. Fundi aliyeunganisha mamia ya vipuri Tokyo aliviandaa vipakwe rangi, mnunuzi akavigeuza akiba. Yen ilipopanda thamani katika miaka ya 1970 kazi ilianza kuhamia Korea Kusini, ambako Samhongsa ilipata jina.

Sasa uchafu. John Allen alikuwa mpiga picha wa Monterey, California, na nyumbani kwake alijenga reli ya mfano aliyoiita Gorre & Daphetid. Kwa kuwa alizipiga picha kazi zake na kuzichapisha, aliona mapema kile ambacho wengine hawakukiona: injini safi mno, ikipigwa picha karibu, inajitangaza kuwa kitu cha kuchezea. Akaipaka vumbi, kutu na masizi. Hakuwa mtu wa kujipa uzito kupita kiasi, maana miongoni mwa vitendea kazi vya reli yake kulikuwa na dinosari aliyeitwa Emma, aliyesukuma mabehewa. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya reli yake. Picha zilibaki, na zilishawashawishi maelfu ya watu.

Uingereza ilikuwa na sababu yake ya ziada. Zamani injini ziling'aa kwa sababu kijana aliyetaka kuwa dereva alianza kwa kuzisafisha, kwa ujira mdogo, usiku, kwa matambara na mafuta. Kufikia miaka ya 1960 vijana hao hawakupatikana tena, na injini za mvuke zilimalizia siku zake chafu hadi nambari hazisomeki, mpaka huduma ya kawaida ya mvuke ya British Railways ilipokoma Agosti 1968. Watoto waliosimama na daftari kwenye majukwaa ya miaka hiyo ndio waliokuja kuwa mafundi wa miaka ya 1970 na 1980. Walichokikumbuka ni masizi, na masizi wakayapaka.

Uchafu huo una sheria. Kila doa lina chanzo. Michirizi myeupe ubavuni mwa tangi ni chokaa ya maji yaliyovuja kwenye valvu na kukauka kwa joto. Kutu huanza kwenye kisanduku cha moshi, ambako joto huunguza rangi. Fito zinazounganisha magurudumu hushika mafuta na vumbi la reli kwa pamoja, ndiyo sababu fundi makini huzungusha magurudumu huku akinyunyiza, la sivyo nyuma ya kila fito patabaki kivuli safi kinachomuumbua. Na pale dereva anaposhika kila siku akipanda, chuma hung'aa.

Anayetaka kuiiga injini ya Garratt ya daraja la 59, iliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, lazima asahau nusu ya somo hilo. Injini hizo 34, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, zilichoma mafuta mazito. Vumbi la makaa halina nafasi pale. Doa la kweli ni lile jeusi linalong'aa kuzunguka mdomo wa tangi la mafuta. Katika kipimo cha 1:87 reli ya mita moja inakuwa karibu milimita 12 na injini yenyewe inapita sentimita 35, ikiwa nyekundu iliyoiva tangu mwanzo hadi mwisho. Mount Gelai imesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi na mtu anaweza kuipima atakavyo, ila asiikopi rangi yake bila kufikiri, kwani injini ya makumbusho imepakwa ili ipendeze.

Kalamu ya ndimi mbili leo ina mpinzani. Viwanda vya China, ulikohamia uzalishaji wa kampuni kama Hornby kuanzia miaka ya 1990, huchapa mistari na nembo kwa pedi laini ya silikoni inayokumbatia mpindo wa tangi, kwa usahihi ambao mkono haufikii. Baadhi ya injini hutoka kiwandani zikiwa na masizi tayari, na zote za toleo lile zina madoa yaleyale mahali palepale. Wanaochapa vipuri kwa resini nyumbani wako upande mwingine kabisa: mashine inawapa bomba la moshi kwa usiku mmoja, lakini limejaa ngazi ndogondogo za tabaka, na kabla ya rangi kugusa chochote wanakaa chini na msasa.