Ahmed Tulimwona. Wengine Je?

Mara ya kwanza kumwona Ahmed nilikuwa darasa la tano, na yeye alikuwa ameshakufa zamani. Alikuwa amesimama kwenye ua wa Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi, mwili wa faiba, pembe mbili zikishuka karibu ziguse chini. Mwalimu alikuwa anapiga kelele tusimguse. Sisi tulikuwa tunamgusa. Mwelekezi akatuambia kwamba ndovu huyu, alipokuwa hai kule Marsabit, alikuwa na walinzi wake wenye bunduki, mchana na usiku, kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta.

"Ati ndovu alikuwa na bodigadi?" rafiki yangu akauliza. "Hata babangu hana."

Tulicheka, tukala mkate na soda, tukarudi Eastlands na basi la shule. Lakini swali moja lilinifuata hadi ukubwani: mnyama anafanya nini mpaka Rais wa nchi amjue kwa jina? Nimekuja kugundua kwamba Ahmed mwenyewe hakufanya lolote. Alionekana tu. Na historia ya wanyama wetu, ukiifuata vizuri, ni historia ya nani alionekana, nani alimwonyesha, na nani alipita bila kuangaliwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, safari ni safari tu. Ukienda Kakamega kwa matanga, ni safari. Ukipanda basi la usiku kwenda Mombasa, ni safari. Wazungu walipolichukua neno hili wakalibana likabaki na maana moja: kwenda porini kutafuta wanyama. Na mwanzoni hawakwenda kutazama. Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye kiti cha urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walipomaliza ziara yao ya Afrika, wawili hao peke yao walikuwa wamepiga risasi wanyama 512. Ngozi na mifupa vilienda Marekani kwa ajili ya majumba ya makumbusho, na dunia nzima ikajua kwamba Afrika Mashariki ndiko mahali pa kwenda ukiwa na bunduki na pesa.

Hata wale "watano wakubwa" unaowaona kwenye fulana za watalii, yaani simba, chui, ndovu, nyati na kifaru, si orodha ya wanyama warembo. Twiga hayupo, na nani hapendi twiga? Ni orodha ya wawindaji. Hao watano ndio waliosemekana kuwa wagumu na hatari zaidi kuwawinda kwa miguu. Kumwona mnyama, enzi hizo, kulikuwa hatua moja kabla ya kumpiga.

Kamera ilikuja kukaa Marsabit miaka kumi na mitano baada ya Roosevelt. Mwaka 1924, mume na mke kutoka Kansas, Martin na Osa Johnson, walipiga kambi kando ya ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, katikati ya msitu wa mlima Marsabit. Wakaliita Ziwa Paradise. Hawakupiga hema la wiki mbili. Walijenga nyumba, wakapanda mboga, wakatengeneza chumba cha giza cha kusafishia picha, na wakakaa huko karibu miaka minne. Filamu yao, Simba, ilitoka mwaka 1928. Mtu wa Chicago ambaye hangefika Isiolo maishani mwake sasa aliweza kukaa kwenye kiti na kuangalia wanyama wa Kenya wakitembea.

Lakini Martin na Osa hawakuwapata ndovu wao wenyewe. Kwenye vitabu vyao wanamtaja mfuata nyayo mmoja, jina wameliandika Boculy, ambaye angeangalia jani lililovunjika au alama kwenye vumbi na kukwambia ndovu wangapi wamepita, saa ngapi, na wameelekea wapi. Wao wenyewe walimsifu. Hata hivyo, ukitafuta leo, picha ni za Johnson, filamu ni ya Johnson, makumbusho kule Kansas ni ya Johnson. Aliyeona kwanza amebaki kama hadithi ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Si yeye pekee. Karibu kila picha maarufu ya mnyama wa Kenya ina mtu nje ya fremu aliyeinua kidole na kusema, "Pale. Chini ya ule mti."

Wakati Johnson na mkewe wanawasha kamera zao, kwenye msitu huohuo kulikuwa na mtoto wa ndovu. Ahmed alipokufa mwaka 1974 alikadiriwa kuwa na miaka 55, kwa hivyo alizaliwa karibu mwaka 1919. Huenda kamera ilimpitia, huenda haikumpitia. Hakuwa na jina bado.

Jina lilikuja na pembe. Katika miaka ya 1960, waliotembea kaskazini mwa Kenya walianza kurudi na habari za ndovu dume mwenye pembe ndefu mpaka zinakwaruza ardhi. Ungedhani ni chumvi tu za wasafiri. Kumbe si chumvi. Zilipopimwa baada ya kifo chake, kila pembe ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Huo ni uzito wa mtu mzima, mmoja kila upande wa uso. Kwa mwindaji, ndovu mwenye pembe ya ratili mia, yaani kilo 45, ndiye aliyekuwa ndoto ya maisha. Ahmed aliipita ndoto hiyo kwa kilo zaidi ya ishirini, kila upande.

Tukumbuke kwamba wakati huo kuwinda ndovu Kenya kulikuwa halali ukiwa na leseni. Kwa hivyo kila aliyemtangaza Ahmed alikuwa anamtangazia pia mwindaji. Mwaka 1970 runinga ya Marekani ilimwonyesha, na Mfaransa Christian Zuber akatengeneza filamu kumhusu. Jina lake likasambaa, na hofu nayo ikasambaa: sasa kila mtu anajua yuko wapi.

Ndipo watoto wa shule wakaanza kuandika barua. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni watoto kama sisi tuliokuwa tunamshika mguu wa faiba. Waliandika kwa Mzee Kenyatta wakimwomba amlinde Ahmed. Na Mzee akakubali. Kwa amri ya rais, Ahmed akawekwa chini ya ulinzi wa serikali kama mnara wa kitaifa ulio hai. Walinzi wakawekwa wamfuate msituni. Alikufa mapema mwaka 1974, kwa uzee, bila risasi. Rais akaagiza mwili wake uhifadhiwe. Ndiyo maana leo mifupa yake iko makavazini, na sanamu yake iko uani.

Hadithi ikiishia hapo ni tamu. Ndivyo tulivyoambiwa sisi, na ndivyo inavyoambiwa shule zinazokuja na mabasi hadi leo. Barua za watoto, Rais mwenye huruma, ndovu anakufa usingizini kama babu. Shida ni kwamba kulikuwa na ndovu wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Kufikia mwaka 1989 hawakufika hata 20,000. Fanya hesabu mwenyewe. Katika miaka ileile ambayo ndovu mmoja alikuwa na walinzi, bei ya pembe duniani ilikuwa inapanda na mauaji yalikuwa yanaanza kushika kasi. Na hatuwezi kusema wakubwa hawakujua. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Ahmed kufa, magazeti ya Uingereza yalikuwa yanaandika kwamba watu wa karibu na Ikulu yenyewe walihusika katika biashara ya pembe. Serikali ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Mauaji hayakukoma. Bunduki za leseni ziliondoka, zile zisizo na leseni zikabaki. Julai 1989, Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, kamera za dunia zikiangalia, na mwishoni mwa mwaka huo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku.

Ukiziangalia picha za ule moto, unaona rundo. Huoni ndovu. Kila pembe pale ilikuwa na mwenyewe, na kati yao hakuna aliyeandikiwa barua na mtoto yeyote.

Sisemi Ahmed hakustahili. Sisemi wale watoto walikosea. Ninachosema ni kwamba kumpenda mmoja ni rahisi kuliko kulinda elfu, na wenye mamlaka wanajua hivyo. Mnyama mmoja mwenye jina anatosha kwenye gazeti, kwenye stempu, kwenye hotuba. Anafanya serikali ionekane nzuri na sisi tujisikie vizuri. Kisha tunarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Mwaka 2014 tulimlilia Satao, dume wa Tsavo aliyeuawa kwa mshale wa sumu, uso wake ukakatwa kwa ajili ya pembe. Mwaka 2020 Tim wa Amboseli alipokufa kifo cha kawaida, mwili wake ulisafirishwa hadi makavazi yaleyale ya Nairobi. Majina hayo mengi wetu tunayakumbuka. Sasa nitajie ndovu jike mmoja. Polepole, nangoja.

Na kazi inaendelea. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280. Idadi imepanda kutoka ile ya 1989, na hilo ni jambo la kushukuru. Waliofanya hivyo wawezekane ni askari wa wanyamapori wanaolala porini, na wakulima na wafugaji ambao ndovu anavunja ua wao usiku na bado asubuhi hawachukui mkuki. Hao pia hawana sanamu.

Mwaka juzi nilienda Marsabit. Zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi, lakini siku hizi lami inafika, kwa hivyo nililala kwenye basi na kuamka kwenye baridi. Watu wa Nairobi hufikiria kaskazini yote ni jangwa. Marsabit ni mlima wenye msitu na ukungu unaoganda kwenye nywele. Lango moja la hifadhi linaitwa kwa jina la Ahmed. Nilikodi gari la mzee mmoja aliyeniambia tangu mwanzo nisitarajie mengi.

"Huku si Mara, binti yangu," akasema. "Mara kuna nyasi, unaona mbali. Huku ndovu anaweza kuwa hapo, na usimwone."

Alisema kweli. Kwa saa nne niliona kinyesi kibichi, miti iliyovuliwa maganda, na ziwa la Johnson na mkewe likiwa limejaa ukungu. Ndovu, wapi. Nikaanza kufikiria nitaandika nini, maana nilikuwa nimekuja na sentensi zangu tayari.

Jua lilikuwa linazama tukielekea langoni alipozima injini katikati ya njia. Sikusikia kitu. Akainua kidole tu, bila kusema. Nikaangalia alikoelekeza, nikaona mti, na mti mwingine, kisha ule mti wa pili ukatikisa sikio.

Walivuka barabara mbele yetu, polepole, bila kelele kabisa. Majike. Pembe zao zilikuwa fupi, za kawaida, za mmoja imevunjika. Mtoto alikuwa katikati, ameshikilia mkia wa aliye mbele kama mtoto wa nasari anayevuka barabara. Wa mwisho akasimama, akatuangalia muda mrefu, masikio wazi, halafu akaingia kichakani na kichaka kikajifunga.

Nilitoa simu nikiwa nimechelewa. Picha niliyo nayo ni ya barabara tupu na ukungu.

"Hao wana majina?" nikamwuliza.

Mzee akafikiri kidogo. "Kama wanayo, wanajua wao."

"Nimehesabu sita."

"Saba," akasema, akawasha gari. "Mmoja alibaki nyuma ya mti upande wako. Bado yuko hapo."