Nakolepsi: Aina Mbili, Ushahidi Usiolingana

Mbwa ndio waliofungua njia ya kuuelewa ugonjwa huu wa usingizi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifugwa Doberman ambao, wakiona chakula kitamu, walilegea miguu kwa furaha na kuanguka huku wakiwa macho. Mwaka 1999 Emmanuel Mignot na wenzake waligundua hitilafu katika jeni ya mbwa hao ya kipokezi cha haipokretini, kemikali ya ubongo iliyotambuliwa mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 2000 ubongo wa wagonjwa wa nakolepsi waliofariki ulichunguzwa. Kwa binadamu, jeni hiyo mara nyingi ni nzima. Kilichotoweka ni seli zenyewe zinazotengeneza haipokretini.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza. Mgonjwa huzidiwa na usingizi mchana, na akicheka au akishtuka misuli hulegea ghafla: taya, shingo, magoti. Hali hiyo huitwa katapleksi. Fahamu haimtoki, anasikia kila kinachosemwa juu yake, ingawa wapo wanaodhani ana kifafa. Karibu wagonjwa wote hawa hubeba jeni ya kinga HLA-DQB1*06:02, jambo linalowafanya wataalamu waishuku kinga ya mwili kuwa ndiyo inayoziua seli hizo. Shaka ilizidi baada ya janga la mafua la 2009, pale Finland na Sweden zilipoona ongezeko la nakolepsi kwa watoto na vijana waliochanjwa Pandemrix, chanjo ambayo sasa haitumiki.

Aina ya pili haina msingi kama huo. Usingizi upo, katapleksi haipo, na haipokretini, ikipimwa katika maji ya uti wa mgongo, haijapungua vya kutosha. Daktari hubaki na kipimo cha mchana: mgonjwa hupewa nafasi tano za kulala, zikipishana kwa saa mbili. Akipatwa na usingizi ndani ya wastani wa dakika 8 au chini yake, na usingizi wa ndoto ukawahi kuja angalau mara mbili, anahesabiwa kuwa na ugonjwa huo.

Tatizo ni kwamba mlinzi wa zamu za usiku, au mtu aliyeacha ghafla dawa za sonona, naye anaweza kupata majibu hayohayo. Wengi wa aina hii wakipimwa tena, majibu hubadilika. Wengine hupata katapleksi miaka kadhaa baadaye na kuhamishiwa aina ya kwanza.

Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya usingizi wa 2014, uliozipa aina hizi namba moja na mbili, umeweka sawia vitu visivyo sawa: ugonjwa wenye chanzo kinachoonekana, na kapu la waliobaki. Utambuzi wa aina ya pili unapaswa kuandikwa kuwa wa muda, baada ya kufuatilia saa za kulala kwa wiki moja au mbili na kurudia kipimo.

Penye mbung'o, tahadhari huongezeka. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, nayo huharakisha usingizi wa ndoto, hivyo damu ipimwe kabla mgonjwa hajaandikiwa modafinili, dawa ya kupunguza usingizi.